Msimbo wa Hesabu katika Simu za Ofisi: Maana, Uratibu na Suala la Istilahi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huhusishwa na duka na soko, ila ni nadra kupata mali inayoithibitisha kuliko dakika za simu ya ofisi. Mchele ukiibwa, gunia hupungua. Petroli ikitumiwa vibaya, kipimo cha gari husema. Dakika ya simu haiachi ganda wala unyayo. Huzungumzwa ikaisha, na mwisho wa mwezi ankara inapoletwa kila mtu humtazama mwenzake.

Daftari lililobuniwa kwa ajili ya mali hiyo ni msimbo wa hesabu, yaani mlolongo mfupi wa tarakimu ambao mpiga simu huubonyeza ili gharama ya simu yake iandikwe katika hesabu fulani, iwe ni ya mteja, ya idara au ya mradi. Makala haya yanaeleza jinsi misimbo hiyo inavyoratibiwa katika kidhibiti simu, ile tarakilishi inayoongoza simu zote za ofisi na ambayo wengi huiita swichibodi. Aidha, makala yanashikilia kwamba kosa kubwa katika kazi hii si la kiufundi bali ni la kimaana. Ni kosa la kuchanganya msimbo unaotaja hesabu na msimbo unaotoa idhini. Ofisi inayovichanganya viwili hivi humtoza mtu asiyehusika, na lugha isiyovipa majina mawili huuendeleza mkanganyiko huo.

Usuli: opereta na kufuli

Hapo awali msimbo haukuhitajika kwa sababu palikuwa na mtu. Aliyetaka kupiga simu ya mbali alimwomba opereta, naye opereta aliuliza ni nani anayepiga, anampigia nani, na gharama ni juu ya nani, kisha akayaandika hayo karatasini. Shahidi alikuwepo. Aliyemwondoa shahidi huyo ni mashine. Mnamo 1891 Almon Strowger, aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City nchini Marekani, alipewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na waendeshaji simu aliodhani wanawapeleka wateja wake kwa mshindani. Strowger alipata alichokitaka, lakini pamoja na opereta anayependelea akaondoka pia opereta anayekumbuka.

Nchini Kenya huduma za simu zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu tangu 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika, hadi 1999 shirika hilo lilipogawanywa na Telkom Kenya ikaundwa. Katika enzi ya simu za kuzungusha, dawa iliyojulikana katika ofisi nyingi ilikuwa kufuli ndogo iliyotiwa kwenye tundu la kuzungushia tarakimu. Kufuli hiyo haikujua tofauti kati ya karani anayewapigia jamaa zake na karani anayemtafuta mteja; iliwazuia wote wawili. Isitoshe, haikumzuia mjanja, kwani katika simu za aina ile kukigongagonga kitako cha mkonga kwa mwendo wa tarakimu kulitosha kupiga nambari yoyote. Kufuli ilikuwa idhini isiyo na hesabu, na idhini yenyewe ilikuwa mbovu.

Hesabu si idhini

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali ili auone utofauti unaozungumziwa hapa. Mzazi anayelipa karo kwa M-Pesa huulizwa nambari ya biashara, nambari ya akaunti, kiasi cha fedha, na mwishowe PIN. Nambari ya akaunti, ambayo aghalabu ni nambari ya usajili ya mwanafunzi, si siri. Hata mjomba aliye kijijini anaweza kutumiwa ili naye achangie. Kazi yake ni kusema fedha ziandikwe kwa jina la nani. PIN nayo haimtaji mwanafunzi yeyote. Inasema tu kwamba anayetuma ana haki ya kutuma. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni ana PIN moja na nambari tatu za akaunti. Wazazi wawili wanaomlipia mtoto mmoja wana PIN mbili na nambari moja ya akaunti. Hakuna anayevichanganya vitu hivi, kwa sababu kila kimoja huulizwa kwa jina lake na kwa wakati wake.

Katika simu ya ofisi mambo ni hayo hayo. Wakili mmoja hushughulikia kesi ishirini, hivyo anahitaji msimbo mmoja wa idhini na misimbo ishirini ya hesabu. Kesi moja kubwa hushughulikiwa na mawakili watatu na karani wao, nao wote huutumia msimbo mmoja wa hesabu huku kila mmoja akiwa na idhini yake. Msimbo wa hesabu unajibu swali la "ni kwa ajili ya nani?" Msimbo wa idhini unajibu swali la "ni nani, na anaruhusiwa kufika wapi?" Ukiwa na jibu la kwanza pekee, huwezi kulipata la pili kwa kukisia.

Ugumu unatokana kwa sehemu na watengenezaji wa swichibodi wenyewe, ambao hawakubaliani. Katika mitambo ya baadhi yao, kitu kiitwacho msimbo wa akaunti hurekodi tu. Katika mitambo ya wengine, msimbo wa jina hilo hilo hufungua laini iliyofungwa. Kiswahili kinapoingia katika uwanja huu hakina sababu ya kurithi utata huo. "Kodi" haifai, maana tayari imebeba mzigo wa serikali na wa mwenye nyumba, na mfanyakazi atakayesoma tangazo la "kodi mpya za simu" ataelewa jambo tofauti kabisa. "Nambari ya siri" na "nywila" hazifai kuitwa msimbo wa hesabu kwa kuwa msimbo huo si siri. Hata "msimbo wa akaunti", ingawa si kosa, una kasoro yake: akaunti katika matumizi ya leo ni kitu ambacho mtu "huingia" kwacho, benki au kwenye mtandao, kwa hiyo msikilizaji huwaza ufunguo kabla ya kuwaza daftari. "Hesabu" ina faida ya kuwa karibu na vitendo vya mhasibu. Hesabu hufunguliwa, hufungwa, hukaguliwa, na mtu hutakiwa kutoa hesabu. Ndiyo maana makala haya yanatumia msimbo wa hesabu kwa upande mmoja na msimbo wa idhini kwa upande wa pili.

Safari ya simu ndani ya kidhibiti

Mfanyakazi anapobonyeza nambari ya nje, kidhibiti huzilinganisha tarakimu zake na orodha ya kanuni za njia. Kila kanuni hueleza aina ya nambari, kwa mfano za mjini, za rununu au za ng'ambo, na laini ambayo simu itapitia. Ni katika kanuni hizi, wala si katika chombo kilicho mezani, ambamo mratibu huandika kwamba msimbo uulizwe. Simu ikiangukia kanuni kama hiyo, kidhibiti huizuia kidogo, hutoa mlio, hupokea tarakimu za msimbo, huzitafuta katika orodha yake, na ndipo huunganisha. Simu ikiisha, huandika rekodi.

Vidhibiti vya kampuni ya Cisco vinaonyesha vizuri jinsi hesabu na idhini zinavyoweza kutenganishwa. Kila kanuni ya njia ina visanduku viwili, kimoja cha kudai msimbo wa idhini na kingine cha kudai msimbo wa hesabu ya mteja, na mratibu anaweza kutia alama kimoja, vyote viwili au pasiwe na chochote. Msimbo wa aina yoyote kati ya hizo unaweza kufikia tarakimu 16. Msimbo wa idhini hupewa daraja kati ya 0 na 255, na njia nayo hupewa daraja lake. Simu hupita tu ikiwa daraja la mpigaji ni sawa na la njia au linalizidi. Msimbo wa hesabu hauna daraja lolote, na ni sawa kutokuwa nalo, kwa maana hesabu ya mteja mmoja haiwezi kuwa na mamlaka kuliko ya mwingine. Pale misimbo yote miwili inapodaiwa, idhini huulizwa kwanza na hesabu baadaye.

Kuna jambo dogo ambalo huwaudhi watumiaji. Kidhibiti hicho hakijui kwamba msimbo umekamilika, kwa hiyo baada ya tarakimu ya mwisho husubiri, na muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 15. Wafanyakazi hulalamika kwamba simu mpya ni nzito. Tiba ni kubonyeza alama ya reli baada ya msimbo, lakini ofisi inayonunua mtambo wa mamilioni mara nyingi haitengi hata saa moja ya kuwaeleza watu jambo hilo.

Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ina njia tofauti. Humo mratibu huandika hatua mwenyewe: cheza sauti, soma tarakimu, zilinganishe na orodha, zitie katika sehemu ya hesabu ya rekodi, kisha piga. Kazi ni nyingi zaidi, ila kuna faida moja inayopaswa kuwavutia wanafunzi wa Kiswahili. Sauti inayomwongoza mpigaji ni faili la kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulirekodi, na hivyo inaweza kuwa ya Kiswahili sanifu badala ya mlio usiosema kitu.

Hapo ndipo sarufi inapoingia katika uhasibu. Tuseme sauti hiyo inasema, "Tafadhali bonyeza msimbo wako." Kimilikishi "wako" kinamwelekeza msikilizaji kwenye nafsi yake, naye atabonyeza tarakimu anazozihusisha na nafsi yake: nambari ya kazi, ya ekstensheni, au hata PIN ya benki. Sauti ikisema, "Bonyeza msimbo wa hesabu ya mteja, kisha alama ya reli," hakuna nafsi ya pili inayomilikiwa na hakuna utata. Maneno mawili yaliyochaguliwa vyema huokoa masahihisho mengi ya ankara. Mafundi wengi huyaandika maneno hayo dakika ya mwisho, wakiwa wamechoka.

Viambishi vya nambari

Neno "kiambishi" linamkumbusha mwanaisimu ngeli na nyakati. Kwa mratibu wa simu ni tarakimu za mwanzo zinazoeleza simu inakokwenda, na makosa ya viambishi hapa pia huharibu sentensi nzima. Kiambishi cha kimataifa nchini Kenya ni 000. Mratibu mgeni huandika kanuni kwamba kila nambari inayoanza kwa 000 idai msimbo, akaridhika. Lakini Uganda na Tanzania zilitengewa viambishi vyake katika mfumo wa Kenya, 006 na 007, kama masalia ya ujirani wa simu za Afrika Mashariki. Simu ya Kampala au ya Dar es Salaam iliyopigwa kwa viambishi hivyo haigusi kanuni ya 000, ikapita bila kuulizwa lolote. Shirika lenye ofisi katika nchi zote tatu litaona hesabu zake za London na New York zikiwa safi, na zile za majirani zikiwa tupu.

Mabadiliko nayo huleta mapengo. Kwa miaka mingi nambari za rununu za Kenya zilianza kwa 07, na kanuni nyingi ziliandikwa hivyo. Mwaka 2019 nambari za rununu zinazoanza kwa 01 zilianza kutolewa. Kidhibiti ambacho hakikuguswa tangu wakati huo ama kinazikataa nambari hizo au kinaziruhusu bila msimbo, kutegemea jinsi kanuni ya mwisho ilivyoandikwa.

Hata hivyo, kuna nambari ambazo hazipaswi kamwe kudai msimbo. Hizo ni za dharura, 999 na 112. Mtu anayeona moto jikoni mwa ofisi hatakumbuka hesabu ya mradi gani imlipie kikosi cha zima moto, wala mlinzi wa usiku hana msimbo wowote. Kanuni ya nambari hizi huandikwa kwanza, hujaribiwa kwanza, na hujaribiwa tena kila orodha inapobadilishwa. Simu za ndani ya jengo nazo huachwa huru, kwa kuwa hazina gharama ya kugawanya.

Uchaguzi wa tarakimu

Kwa kuwa kazi za misimbo hii miwili hazifanani, hata tarakimu zake hazichaguliwi kwa njia moja. Msimbo wa idhini ni siri, kwa hiyo adui yake ni mkisiaji. Tarakimu nne zina mipangilio 10,000. Ofisi ikigawa misimbo 50, mtu anayebahatisha atapata mmoja katika kila majaribio 200 kwa wastani, jambo linalowezekana katika alasiri moja ya uvivu. Tarakimu sita zenye misimbo 50 hiyo hiyo humpa mmoja katika majaribio 20,000.

Msimbo wa hesabu si siri, na adui yake ni kidole kilichoteleza. Hesabu zikipewa 1201, 1202, 1203 na kuendelea, kosa la tarakimu moja humhamishia mteja mwingine gharama, na hakuna mlio wa kukataa kwa sababu msimbo uliobonyezwa upo. Ni heri misimbo itofautiane kwa tarakimu mbili au zaidi, hivi kwamba kosa moja liangukie mahali patupu na kidhibiti kikatae. Wahasibu hupenda mfuatano kwa ajili ya urembo wa orodha. Urembo huo hulipiwa na mteja.

Hiari, lazima na uhakiki

Msimbo unaweza kuwa wa hiari, yaani mpigaji huutia anapotaka, au wa lazima, yaani simu haiendi bila huo. Tofauti hii hufahamika upesi. Isiyofahamika upesi ni ile ya uhakiki. Vidhibiti kadhaa huruhusu msimbo wa lazima usiohakikiwa: mtambo hudai tarakimu, lakini haujali ni zipi. Ofisi huupenda mpango huu kwa sababu hakuna orodha ya kutunza. Matokeo yake hayachelewi. Baada ya siku chache wafanyakazi hugundua kwamba 1111 inafaa sawa na msimbo wowote, na ripoti ya mwezi huonyesha mteja mmoja asiyekuwepo aliyezungumza na nchi nzima. Lazima bila uhakiki humfunza mtu kudanganya kwa utaratibu. Kama orodha haiwezi kutunzwa, ni afadhali hiari, kwani katika hiari nafasi tupu hubaki tupu na mhasibu anajua hajui.

Rekodi na mshahara wa mtu

Yote yaliyotangulia huishia katika mstari mmoja wa rekodi. Katika Asterisk, faili la kawaida la rekodi huanza kila mstari kwa hesabu, ndipo hufuata aliyepiga, aliyepigiwa, nyakati na muda. Mihula ya muda ni miwili: mmoja huhesabiwa tangu simu ilipoanza kupigwa, kengele ikiwemo, na mwingine tangu ilipopokelewa. Mhasibu akichukua ule wa kwanza atamtoza mteja kwa kusikiliza kengele, na simu isiyopokelewa kabisa itaonekana kuwa ya sekunde arobaini.

Rekodi za Cisco nazo huuandika msimbo wa hesabu kama ulivyo. Msimbo wa idhini kwa kawaida hauandikwi. Badala yake huandikwa maelezo yake, mathalani jina la mwenyewe, pamoja na daraja. Waliobuni mtambo walielewa kwamba hesabu ni ya kusomwa na watu wa fedha na idhini ni ya kufichwa hata kwao. Ofisi inayotumia msimbo mmoja kwa kazi zote mbili huuvunja ukuta huo: msimbo huchapishwa katika ripoti, ripoti hubandikwa ubaoni, na kesho yake kila anayepita ana ufunguo wa laini ya ng'ambo.

Anayeumia ni yule ambaye msimbo umeandikwa kwa jina lake. Ankara inapopanda, uongozi hufungua ripoti, huona msimbo, humwita mtu, na kukata mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Miongoni mwayo ni kiasi cha haki kwa uharibifu au upotevu wa mali ya mwajiri uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Neno zito hapo ni "makusudi". Msimbo wa hesabu unaojulikana na watu kumi na wawili hauwezi kuonyesha makusudi ya mtu mmoja kati yao. Unaonyesha hesabu iliyotajwa, basi. Msimbo wa idhini uliotunzwa kwa siri unaweza kuwa ushahidi, alimradi ofisi ithibitishe kwamba ulikuwa siri kweli.

Kuna na haki ya faragha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisitumiwe kwa namna isiyopatana na lengo hilo. Rekodi iliyokusanywa ili kuwatoza wateja, ikianza kutumiwa kuchunguza ni nani anampigia nani saa za chakula cha mchana, imekwishahama lengo. Ofisi inayotaka kuzitumia rekodi kwa usimamizi wa wafanyakazi inapaswa kuwaarifu mapema, kwa maandishi na kwa lugha wanayoielewa.

Tofauti ya misimbo hii huonekana tena mtu anapoondoka kazini. Msimbo wake wa idhini hufutwa siku hiyo hiyo, kabla hajarudisha ufunguo wa mlango. Misimbo ya hesabu aliyokuwa akiitumia haiguswi, kwa kuwa kesi na miradi inaendelea kwa mikono mingine. Kesi yenyewe ikimalizika, msimbo wake wa hesabu hufungwa baada ya ankara ya mwisho kulipwa, na tarakimu zake hukaa kwa muda bila kupewa mteja mwingine, hadi pale rekodi za zamani zitakapoondolewa katika kidhibiti.